Mwaka Niliposhindana na Mume Wangu kwa Ajili ya Viboko

Asubuhi niliyoamua kuandika mradi nilikuwa nimesimama katikati ya kipande changu cha mpunga, karibu na mdomo wa mto Ruzizi, pale unapoingia ziwani, nikitazama mahali ambapo mpunga wenyewe ulikuwepo jana yake. Viboko walikuwa wamepita. Kiboko hali kama mbuzi anayedonoa hapa na pale. Anakula kama kinyozi anavyonyoa kichwa, mstari baada ya mstari, na kile anachobakiza anakikanyaga. Wanawake wenzangu nao walikuwa wamesimama, kila mmoja kwenye kipande chake, mikono kiunoni. Prezida wa chama chetu cha wakulima, mama mwenye mwili na sauti ya kuita watu waliopo ng'ambo ya mto, alikuwa akiwatukana wale wanyama kwa Kifuliiru, kuanzia wao wenyewe mpaka kwa mababu zao.

Alipochoka alinigeukia. "Mwalimu, weye ulisoma mambo ya nyama. Hawa iko na dawa gani?"

Nilikuwa nafundisha biolojia katika shule ya sekondari pale Mulongwe, mtaa wetu. Ilikuwa kazi, ila haikuwa na mshahara. Huo ulikuwa wakati wa uasi wa pili, mji ulikuwa mikononi mwa waasi, Kinshasa ilikuwa mbali kama nchi nyingine, na mshahara wa serikali ulikuwa kitu ambacho walimu wakongwe walitusimulia wakati wa mapumziko. Wazazi walileta walichoweza: maharage, sabuni, mara nyingine kuku. Kilichobaki tulikitafuta wenyewe kwa jembe. Kwa hiyo asubuhi nilikuwa mkulima, saa mbili nikanawa miguu nikawa mwalimu.

"Hawana dawa," nilimjibu. "Labda kuwazuia."

"Askari wako na dawa yao," alisema mwanamke mmoja, akaelekeza kidole upande wa kambi. Wengine wakacheka. Ni kweli, kila mara tulisikia risasi upande wa mtoni, na siku iliyofuata nyama ya kiboko ilionekana sokoni ikiuzwa chini ya jina la ng'ombe.

Jumapili hiyohiyo, baada ya misa, nilikuta watu wamekusanyika mlangoni pa parokia, wakisoma tangazo. Mfuko mmoja wa ng'ambo ulikuwa unatafuta miradi kwenye mwambao wetu. Miradi iliyotakiwa ni ile ya kulinda wanyama na samaki wa ziwa, na papo hapo kuwasaidia watu wanaoishi nao. Chama chochote kingeweza kushindana. Mradi mmoja tu ungechaguliwa. Nilisoma mara mbili, na nilipokuwa nasoma mara ya pili nikasikia mtu akipumua nyuma ya bega langu. Alikuwa mume wangu.

"Umesoma?" aliniuliza.

"Nimesoma."

"Sisi watu wa Kalundu tutaandika."

"Na sisi watu wa mashamba tutaandika."

Tulitembea mpaka nyumbani bila kusemeshana. Hatukuwa tumekasirika. Kila mmoja alikuwa ameshaanza kuandika kichwani.

Mume wangu alikuwa mvuvi wa Kalundu, upande wa bandari, mtu wa kuvua dagaa tunaowaita ndagala na samaki wa mukeke, na chama cha wavuvi kilikuwa kimemfanya katibu kwa sababu alimaliza shule na mwandiko wake ulisomeka. Walikuwa na shida yao ya kweli. Watu walikuwa wanavuta nyavu za matundu madogo sana katika matete ya ufukweni, kule samaki wanakotagia, wakitoa mpaka vitoto visivyofika urefu wa kucha. Wavuvi wa zamani walikuwa wanarudi na mitumbwi mitupu. Mume wangu alitaka matete yale yalindwe, na wale waliokuwa wakivua humo wapewe nyavu za matundu makubwa na mahali pengine pa kuvulia. Lilikuwa wazo zuri, na kwa kuwa lilikuwa zuri lilinisumbua.

Nyumbani tuliishi na mama yake. Alipopata habari alicheka mpaka akaweka chini sufuria ya sombe, majani ya muhogo.

"Sasa minye niombee nani?" aliuliza.

"Niombee mimi, mama," alisema mume wangu. "Minye ndiye mtoto wako."

"Weye ni mtoto wangu, lakini huyu ndiye ananipikia."

Mama mkwe alikuwa na historia yake na viboko. Mwaka wa uhuru, alipokuwa msichana, wakubwa wa mji walipiga kiboko kwa ajili ya sikukuu, na nyama ilifika Mulongwe kwenye mabeseni, kila nyumba ikapata. Alikula akacheza ngoma. Miaka michache baadaye uasi wa kwanza ulipokuja, na askari wakawa wanazunguka nyumba hadi nyumba, alikimbilia kwenye matete ya Ruzizi akiwa na mtoto mgongoni, akakaa humo siku kadhaa. Viboko walikuwa pande zote. Aliwasikia wakipumua. Hawakumgusa. Toka hapo hakula tena nyama yao, na mtu akiileta nyumbani alimrudisha nayo mlangoni.

Mkutano wa kwanza wa chama chetu tuliufanya chini, kwenye nyasi, kando ya mashamba. Nikawasomea maswali ya mfuko. Mtafanya nini? Nani atafaidika? Wanyama watafaidika nini? Na baada ya fedha kwisha, itakuwaje?

Prezida alisikiliza vizuri. "Tununue dawa ya panya, magunia," alisema.

"Wanataka viboko waishi, mama."

"Waishi wapi?"

"Hapahapa."

"Basi hao wazungu waje wawalishe wenyewe."

Ilituchukua majuma mengi kuvuka pale. Watu wengi hufikiri mashindano kama yale ni mambo ya karatasi, kwamba anayejua Kifaransa kizuri ndiye anayepata. Sisi yalitulazimisha kukaa pamoja na kuulizana mambo ambayo hatukuwahi kuulizana. Nilieleza kwamba kiboko, pamoja na ukubwa wake wote, hawezi kuruka. Mfereji usio na kina kirefu sana unamshinda, anasimama ukingoni akifikiria. Mwanamke mmoja wa Kavimvira akasema mfereji peke yake utajaa mchanga wakati wa mvua, afadhali tupande minyaa kando yake, ule mti wa utomvu mchungu ambao hata mbuzi haugusi. Mwingine akasema waya ungekuwa bora zaidi. Tukamwuliza waya huo ungelala shambani usiku mmoja bila kuibwa? Akakubali kwamba hapana.

Ugomvi ulikuja kwenye swali la wanyama. Ukimfungia kiboko mpunga lazima umwachie kitu kingine, la sivyo atavunja kila ulichojenga. Ilibidi ukanda wa ardhi kando ya mto uachwe uote majani, usilimwe tena, uwe wao. Ardhi hiyo ilikuwa ya watu. Kila mmoja alikubali wazo hilo mradi lisiguse kipande chake. Tulibishana mpaka jua likawa kichwani. Mwishowe prezida, ambaye shamba lake ndilo lililokuwa karibu kabisa na maji, alisimama akajikung'uta majani kwenye kikwembe chake cha kitenge.

"Tayari wanakula kwangu," alisema. "Waendelee. Lakini mtanikatia vipande kwenu, kila mmoja kidogo, na sitaki kusikia mtu analia."

Walimkatia. Wawili walilia, lakini walimkatia.

Nyumbani mambo yalikuwa ya kuchekesha. Tulikuwa na kamusi moja ya Kifaransa, na sote wawili tuliihitaji. Neno lile ambalo wafadhili wanalipenda kupita yote, lenye maana ya jambo linalodumu, tulikuwa tumelitafuta mara nyingi hivi kwamba kamusi ilikuwa inafunguka yenyewe kwenye ukurasa wake. Mume wangu aliandika akiwa amegeukia ukuta. Mimi niliandika jikoni. Nikiingia sebuleni alifunika karatasi kwa kofia. Mashini ya kuandika ilikuwa moja tu, ya parokia, na sista aliyeitunza alitupangia zamu. Siku moja tulikutana mlangoni, yeye anatoka, mimi naingia.

"Utepe wa wino umekwisha," aliniambia.

"Umeumaliza weye."

"Nimeuacha kidogo. Piga kwa nguvu."

Nilipiga kwa nguvu. Mpaka leo nadhani majirani wa parokia walijua mradi wetu neno kwa neno.

Baadaye sista alituita. Miradi miwili ya mwambao ilikuwa imebaki, na majaji watakuja kuiona kwa macho. Miradi yenyewe ilikuwa wetu na wa Kalundu.

Majaji walikuwa watatu: mzee wa kizungu mwembamba asiyevua kofia, mama wa Burundi aliyekuwa mtaalamu wa samaki, na agronomi, mtaalamu wa kilimo, Mkongomani kutoka Bukavu. Walifika baada ya mvua kubwa. Mto ulikuwa umekata barabara ya kwenda mashambani na hapakuwa na gari lililothubutu. Njia pekee ilikuwa ya majini, na chombo pekee chenye mota iliyokuwa inafanya kazi siku hiyo kilikuwa cha chama cha wavuvi. Kwa hiyo mume wangu ndiye aliyewapeleka majaji kwenye mradi wake, na yeye huyohuyo ndiye aliyepaswa kuwafikisha kwangu.

Nilikaa mbele, nimeshika sandali mkononi. Tulianza na matete yao. Mume wangu alizima mota, akawaonyesha mahali ambapo samaki hutaga, akainua wavu mmoja wa matundu madogo uliotelekezwa, akamwaga kiganjani mwa yule mama vitoto vya samaki vilivyokuwa vimekaukia humo. Hakusema maneno mengi. Yule mama alivitazama kwa muda. Mimi nilijisemea moyoni kwamba tumeshashindwa.

Kisha tukaenda kwenye mashamba. Wanawake walikuwa wametusubiri wamevaa vikwembe vya sare. Prezida alieleza mfereji kwa mikono, akauchora hewani, akawaonyesha shamba lake lililoliwa na ukanda ambao angeuachia. Viboko wenyewe walikuwa majini, mbali kidogo, masikio na pua tu, wakatutazama kama watu wanaosikiliza kesi yao.

Yule mama wa Burundi aliwageukia wavuvi. Alimwuliza mume wangu, "Na ninyi, viboko hawa wakiondoka mngefurahi?"

Wenzake wa chama walimkazia macho. Lilikuwa swali la kutushinda nalo. Ilitosha aseme ndiyo, na mradi wangu ungeonekana unalinda adui wa watu.

"Mama, minye sitasema uongo," alijibu. "Kiboko akikasirika anapindua mtumbwi. Tumeshazika watu. Lakini pale wanapolala mchana, samaki wadogo wanakuja kula mavi yao. Tunavua kando yao ju ya hiyo. Wakiondoka, hata minye nitahama."

Yule mama aliandika. Mzee wa kofia akamwomba mume wangu arudie, naye akarudia, polepole, kwa Kifaransa.

Tulipofika nyumbani nilimwuliza kwa nini alijibu vile.

"Aliniuliza," alisema.

"Ungeweza kujibu nusu."

"Angejua. Yule mama anajua samaki." Akavua shati lililolowa, akalitundika kwenye kamba. "Na weye pia ungejua."

Nilimwekea maji ya kuoga, moto kuliko kawaida.

Habari ilikuja kwa redio ya parokia, ile ya kuzungumza na Bukavu. Sista alitoka nje na kusema mradi uliochaguliwa ni ule wa mashamba ya mdomo wa Ruzizi. Prezida alipiga vigelegele mpaka padri akatoka kuangalia. Mume wangu alinipa mkono kama nahodha wa timu anavyompa mwenzake mkono mpira ukiisha, akaniambia hongera, akaenda Kalundu kuwaambia wenzake. Alirudi na jina jipya. Walikuwa wamemwita Bwana Kiboko, na jina hilo lilimganda miaka mingi. Siku chache alikula haraka akaondoka mezani. Mama mkwe alipika mukeke mkubwa, akauweka wote kwenye sahani moja katikati yetu, akatoka nje na kutuacha tuamue wenyewe nani atakula kichwa. Alikula yeye. Nilimwachia.

Fedha za mfuko zilifika kwa mafungu. Fungu la kwanza lilikuwa la mfereji, fungu la pili la mbegu, miche ya minyaa na pampu ya kumwagilia ya kukanyaga kwa miguu, na fungu la pili lisingetoka mpaka waje waone kwamba la kwanza limefanya kazi na viboko bado wapo. Tulihitaji wachimbaji. Wanaume waliokuwa na nafasi mchana walikuwa wavuvi, maana ndagala huvuliwa usiku. Hivyo watu wa Kalundu walikuja kuchimba mfereji uliowashinda, wakalipwa, wakatukejeli, wakala bukari yetu, yaani ugali. Mume wangu alichimba sehemu ya prezida, na prezida alimsimamia kama mtoto wake wa kumzaa, yaani bila huruma.

Mfereji ulikuwa umefika nusu tuliposikia risasi asubuhi moja, karibu kuliko kawaida. Tulikimbia ukingoni. Askari walikuwa wanamvuta kiboko jike kwa kamba. Wachimbaji waliweka chini majembe. Kila mtu alikuwa anafikiria fungu la pili. Mimi, nakumbuka, nilifikiria pia yule mnyama. Nilikuwa nimeanza kumtofautisha. Alikuwa na sikio lililochanika, na mara nyingi alitoka majini wa kwanza. Miezi michache kabla ningemwombea kifo.

"Tunakwenda kwa komanda," alisema prezida.

Wanaume walitazamana. Wakati ule mwanaume aliyekwenda kambini kulalamika angeweza asirudi. Prezida aliwaambia wabaki na mfereji. Tulikwenda wanawake, na njiani mama mkwe akaungana nasi, na fimbo yake, bila kuitwa. Tulibeba vikapu vya mchicha, lenga-lenga, ili tusionekane tumeenda mikono mitupu.

Komanda alikuwa kijana, mtu wa mbali, amekaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya nyumba ambayo zamani ilikuwa ya mfanyabiashara. Nyuma ya nyumba moshi ulikuwa unapanda.

"Nani amewatuma?" aliuliza.

"Hakuna, komanda," alisema prezida. "Tumekuja ju ya kiboko."

"Kiboko gani?"

"Yule munamukausha pale nyuma."

Askari walicheka. Komanda hakucheka. "Alikuwa mali yenu?"

"Hapana. Lakini tuliandika kwamba ataishi."

Alinitazama mimi, nadhani kwa sababu ya miwani yangu. Nikamweleza. Nilimwambia kuna watu watakuja kuangalia. Wakikuta viboko hawapo, fedha zinasimama. Fedha zikisimama, mfereji unabaki nusu, na viboko watakaosalia wanapita ile nusu isiyochimbwa. Wakipita, mwaka huu hakuna mpunga wala mboga mpaka Kavimvira.

"Hayo ni mambo yenu," alisema.

"Komanda," alisema prezida, "mchele ambao askari wako wananunua pale sokoni unatoka wapi?" Alilitamka lile neno "wananunua" taratibu sana. Askari mmoja alianza kutazama buti zake.

Ndipo mama mkwe akasogea mbele. Hakuinua sauti. Alimweleza yule kijana habari ya uasi wa kwanza, matete, mtoto mgongoni. "Askari walikuwa wananitafuta," alisema. "Viboko hawakunitafuta."

"Mtoto alipona?" aliuliza komanda.

"Iko pale, anachimba mfereji."

Komanda alikaa anazungusha kofia yake mkononi. Kisha akasema atatoa amri, ila asilaumiwe kwa kila risasi, kwa sababu watu wake wana njaa na yeye hana macho mgongoni. Prezida alimwambia kwamba njaa tunaijua, akamwachia vikapu. Tuliondoka bila kukimbia, jambo ambalo miguu yangu haikulipenda.

Kiboko mwingine alipigwa baadaye, sitasema uongo. Lakini safari hii komanda alimleta mwenyewe yule askari aliyempiga, akamkabidhi kwa prezida achimbe mfereji juma zima bila bunduki. Tulimwogopa siku ya kwanza. Siku ya pili prezida alimkosoa namna anavyoshika jembe. Alikuwa mtoto wa wakulima wa milimani, alichimba kuliko wavuvi wote, na siku ya mwisho aliomba miche michache ya kabichi apande nyuma ya kambi. Tulimpa. Sijui kama aliivuna, maana kikosi chao kilihamishwa.

Watu wa mfuko walikuja wakatembea kwenye mfereji wote, wakaona majani yameota kwenye ukanda, na samadi mpya ya kiboko, ambayo mzee wa kofia aliipiga picha kwa furaha tele. Fungu la pili likatoka. Mavuno ya msimu ule yalijaza ghala dogo la parokia. Wanawake walilipa ada za watoto, na baadhi ya watoto hao walikuwa darasani kwangu, hivyo kwa njia ya kuzunguka nami nikapata mshahara. Prezida alinunua baiskeli ambayo hakujua kuiendesha. Akawa anaikodisha.

Viboko walijifunza haraka kuliko tulivyotazamia. Jioni walipanda kutoka majini, wakafika kwenye mfereji, wakasimama, wakageuka kwenda kwenye majani yao. Nilianza kuwapeleka wanafunzi wangu kuwaangalia kutoka upande wetu wa minyaa. Wasichana waliozoea kuwakimbia walikuwa wanabishana yupi ni mama wa yupi.

Mwaka uliofuata mfuko ulitangaza tena. Safari hii sikuandika cha kwangu. Niliketi na mume wangu, kamusi katikati, tukaandika mradi wa matete. Tulibishana vibaya. Aliandika kwamba wavuvi wote wameafiki, nikamwambia majaji watauliza wasioafiki ni wangapi na atawafanya nini. Alikasirika akatoka nje, akaenda Kalundu kuwatafuta wasioafiki, akarudi na majina na sababu zao, na kumbe sababu zao zilikuwa na maana: walikuwa watu wasio na mtumbwi, wasiokuwa na pengine pa kwenda. Akabadilisha mradi ili uanze na wao. Mradi wa Kalundu ukachaguliwa. Alipoletewa habari alinipa mkono uleule wa mpira, halafu akaghairi akanikumbatia mbele ya watu, jambo ambalo kwetu halifanywi, na mama mkwe akageuza uso pembeni akicheka.

Vita vilirudi baada ya hapo, mara mbili. Mara moja tulivuka mpaka tukakaa upande wa Burundi miezi kadhaa. Tuliporudi, mafuriko yalikuwa yamejaza sehemu ya mfereji mchanga na pampu ilikuwa imeibwa. Viboko walikuwa wamepungua. Minyaa ilikuwa imepita kimo cha mtu. Tulichimbua tena pale palipoziba, bila mfadhili safari hiyo, kila mmoja mbele ya kipande chake. Mfuko uliuliza zamani itakuwaje baada ya fedha kwisha, na tulikuwa tumejibu kwa maneno mazuri ya kamusi. Jibu lenyewe lilikuwa matope mpaka magotini na prezida akihesabu nani hajafika.

Nilipostaafu kufundisha, mfuko mwingine ulinialika niwe mmoja wa majaji wa miradi ya bonde la Ruzizi na mwambao. Tulikutana Bukavu, tukasoma mirundo ya miradi. Mmoja ulitoka Bwegera, kwa wakulima wa mpunga waliotaka kulinda korongo wenye taji kichwani, ambao hutagia kwenye madimbwi kati ya mashamba, na vijana walikuwa wanawakamata na kuwauza. Kifaransa chao kilichechemea. Wazo lilikuwa na uhai. Niliutetea kwa nguvu zangu zote, na nikashindwa. Wenzangu walisema hawakueleza vijana wale watakula nini wakiacha kuuza ndege. Walikuwa sahihi.

Jumamosi iliyofuata nilipanda gari la kwenda Bwegera. Mwenyekiti wao, baba mmoja mrefu aliyevaa koti licha ya joto la bonde, alinipokea akidhani nimeleta fedha. Nilipomwambia nimeleta habari ya kukosa, alikaa chini kwenye tuta la shamba, akanikaribisha nikae naye.

"Basi imekwisha," alisema.

"Haijaisha, baba. Watatangaza tena. Wale vijana wanaokamata ndege wako wapi?"

"Hawa?" Alionyesha kwa kidevu vijana waliokuwa wakirekebisha mtaro wa maji hatua chache kutoka kwetu. "Si ndio hao."

"Mlishawauliza wanataka nini?"

Alinitazama kana kwamba nimemwuliza swali la kigeni. Halafu akawaita. Walikuja taratibu, majembe begani, wakasimama mbali kidogo kwa hofu ya kukaripiwa, na mmoja wao, mwenye kofia ya kijani, alikuwa wa kwanza kuketi.